Tumbo Lisilo na Manyoya

Ukitaka kujua kama ndege ni mgeni au mwenyeji, mpulize tumboni. Manyoya yakifunguka, mgeni wa mwezi wa nne utamkuta na mafuta ya manjano chini ya ngozi, akiba ya safari ya kurudi Ulaya. Mwenyeji anayelalia mayai utamkuta hana nyoya pale. Ni ngozi tupu, nyekundu, yenye joto. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya miaka ya sabini kando ya ziwa la Naivasha, katika kikundi cha watafiti walionasa ndege kwa nyavu, na niliijua vizuri, sijisifu bure.

Waliotusumbua ni ndege wadogo wa kahawia wa kwenye matete, maana mgeni na mwenyeji wanafanana kama mapacha. Wageni tuliwatia kwenye vifuko vya kitambaa, tukavitundika kwenye mgunga hadi mchana ili tuwapime uzito tena. Wenyeji tuliwaachilia papo hapo.

Asubuhi moja ya baridi nilikuwa nimemwacha mwanangu mchanga mjini Gilgil, kwa jirani yangu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Kifua kilikuwa kimejaa maziwa hadi kinauma, na akili yangu yote ilikuwa kwenye basi la kurudi. Nilitaka kazi iishe upesi.

"Huyo ni mgeni ama mwenyeji?" mkuu wetu akauliza.

Nikatazama bawa tu. Lilionekana refu kama la mgeni. Sikupuliza.

"Mgeni," nikasema, nikamfunga kwenye kifuko.

Nilimpuliza mchana, nilipomtoa. Tumbo tupu, lina joto kama paji la mtoto mwenye homa. Mkuu wetu aliona, akageukia mizani yake. Afadhali angenifokea. Nilipofungua mkono, ndege aliruka chini chini, moja kwa moja hadi kwenye matete. Alijua anakokwenda. Mayai yake yalikuwa yamekaa wazi asubuhi nzima, na mimi ndiye niliyemzuia. Nilijichukia.

Nilifika Gilgil nikihema.

"Amelia sana, lakini sasa ametulia," jirani akaniambia. "Nimempea maziwa ya ng'ombe kidogo, usijali."

Nikamshukuru, nikamchukua mwanangu na kumweka kifuani. Akageuza uso. Nikajaribu upande wa pili, akageuza tena, na maziwa yakawa yanalowesha blauzi yangu bure. Haraka yangu yote ilikuwa kwa ajili yake, na yeye hakuwa na njaa.