Matanga ya Saa Moja

Mke wangu Zohara aliingia chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na saba, kusomea historia ya Wayahudi, mila zao na dini yao. Mtu wa kwanza kumcheka alikuwa mama yake mzazi.

"Yaani unapanda mabasi mawili kila siku ukafundishwe kuwa Myahudi?" Mama Badra alimwuliza. "Mimi ningekufundisha hapahapa, tena na chai juu."

"Mama, wewe unajua mambo ya Yemen tu. Kule kuna historia ya Wayahudi wa dunia nzima."

"Na hao wa dunia nzima wamenisomea mimi?"

Mimi nilikuwa upande wa mkwe wangu, nakiri. Nimekuwa fundi bomba maisha yangu yote, na sikuona kwa nini mtu mwenye wajukuu wawili abebe begi mgongoni. Lakini niliona pia jinsi Mama Badra alivyokuwa akilifuta vumbi lile begi kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia, na jinsi alivyowaambia wanawake wa sinagogi, "Binti yangu hana nafasi, ana mtihani." Yeye mwenyewe hakujua kusoma hata jina lake. Kule Yemen wasichana hawakufundishwa, na alipofika nchi hii alikuwa tayari mke wa mtu, na mtoto mgongoni.

Kitu alichokijua kuliko wote ni kulilia wafu. Kijiji chetu kizima, pale vilimani nje ya mji wa Lod, Israeli, ni watu waliotoka Yemen, na alipokufa mtu walikuja kumchukua Mama Badra. Aliketi katikati ya wanawake, akafunika uso kwa kitambaa, akaanza kwa sauti ya chini kumsimulia marehemu kwa marehemu mwenyewe: ulilima hiki, ulimlisha fulani, uligombana na fulani kisha ukampelekea mkate. Hata mimi, ambaye mama yangu alikuwa akiniita jiwe, aliniliza mara tatu.

Basi mwaka wa pili profesa wa Zohara aliwapa kazi kubwa ya kufunga mwaka: kila mwanafunzi anase sauti ya mila ya nyumbani kwao, aiandike na kuieleza. Zohara alirudi anang'aa. Nani mwingine darasani alikuwa na mwombolezaji nyuma ya nyumba yake?

"Hapana," alisema Mama Badra.

"Mama, dakika kumi tu."

"Nimlilie nani? Nionyeshe maiti."

"Jifanye tu kuna maiti."

"Toba! Kilio kikitoka lazima kipate mtu. Ukikitoa bure, kinakwenda kumtafuta. Unataka kimpate nani, huyu mumeo?"

Nikasema mimi bado nina mabomba ya watu. Tukacheka, tukaamua kusubiri. Ubaya ni kwamba mwaka ule kijijini hawakutaka kufa. Ukapita mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Nilimwambia Zohara avumilie kidogo, kwa kuwa mzee Hasan wa jirani kikohozi kilikuwa kibaya.

"Hasan anakohoa tangu Yemen," alisema Mama Badra. "Huyo atatuzika sote, kisha aende kuchuma mirungi yake."

Zohara akaanza kukosa usingizi. Bila ile kazi angerudia mwaka mzima, na umri wake haukuwa wa kurudia miaka. Mama yake alimwona anavyozunguka jikoni.

Hapa sina budi kumtaja Saadia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama Badra, yule aliyekuja naye mgongoni. Mwaka elfu moja mia tisa na hamsini, katika kambi ya mahema walikowekwa wageni, mtoto alishikwa na homa. Alikuwa na miezi mitano. Muuguzi alimchukua akamlaze kwenye zahanati ya kambi, na kesho yake wakamwambia mama amekufa. Aliomba kuuona mwili, akaambiwa umeshazikwa. Aliomba aonyeshwe kaburi, hakuna aliyejua lilipo. Mama Badra alikuwa na miaka kumi na minane na hakujua lugha yao. Alirudi kwenye hema na kile kitambaa cha kumbebea, kikiwa kitupu.

Hakukubali. Aliwalilia wazazi wake, mumewe na nusu ya kijiji, lakini kwa Saadia hakutoa hata sauti moja. Kumlilia ni kusema amekufa. Kwenye arusi za watu alikuwa akiwasogelea wanaume wa umri ule na kuwauliza, mama yako anaitwa nani, mwanangu? Siku moja mezani ulimi uliniteleza nikasema "marehemu Saadia". Aliinuka, akaondoa sahani mbele yangu, supu na mchuzi wa uwatu na kila kitu.

"Mwanangu hajafa, mkwe. Amepotea. Ukishaweka akili sawa utakula."

Sasa, mwezi wa sita, Zohara alikuwa jikoni alasiri anajisomea mtihani mwingine, wa sheria za maombolezo. Mama Badra alikuwa anakanda unga wa mkate wa Sabato. Mimi nilikuwa chini ya sinki nikitengeneza bomba, miguu nje.

"Hebu we msomi," alisema Mama Badra, "mtu akipata habari ya msiba imechelewa, vitabu vinasemaje?"

"Imechelewa kiasi gani?"

"Sana."

Zohara alifurahi. Niliisikia furaha ile katika sauti yake. Kwa miaka miwili mama yake hakuwahi kumwuliza swali hata moja la masomo. "Ikija ndani ya siku thelathini, anakaa matanga siku saba kama kawaida. Zikishapita thelathini, inaitwa habari ya mbali. Anakaa saa moja tu."

"Saa moja?"

"Saa moja. Anavua viatu, anakaa chini, ikiisha anainuka anaendelea na kazi zake."

"Na kurarua nguo?"

"Akiwa ni mzazi aliyekufa, anararua hata ipite miaka mingapi. Akiwa ni mtoto, hararui."

"Hararuliwi hata nguo," alisema Mama Badra, akaendelea kukanda. "Umesoma vizuri, binti yangu."

Zohara alikaribia kuruka. Hakuuliza swali lile lilikuwa la nani. Nami sikuuliza, na nilikuwa pale chini ya sinki nimeyasikia yote, mzima wa akili. Sijui tulikuwa na masikio ya nini.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, Mama Badra aliingia sebuleni kwetu amevaa gauni lake jeusi.

"Lete hicho kinasa sauti chako," alimwambia Zohara. "Na wewe Zekaria, kaa uangalie saa ya ukutani. Ikifika saa nzima useme, wala usiniongezee dakika."

"Nani amefariki, Mama?" aliuliza Zohara. "Ni Hasan?"

Mama Badra alivua viatu, akakaa sakafuni, akatoa kitambaa mfukoni. "Ni kaka yako."

Rangi ya Zohara ilibadilika. "Mama, hapana. Mama, inuka. Hakuna habari yoyote iliyokuja!"

"Miaka hamsini na nne haikuja. Basi hiyo ndiyo habari yenyewe."

"Anaweza kuwa hai! Umesema mwenyewe, miaka yote umesema! Mimi sitaki hiyo kazi, nitarudia mwaka, sijali!"

"Wewe hutarudia kitu. Mimi nimezeeka, na wewe una mtihani. Bonyeza hapo unapobonyezaga." Kisha akanitazama. "Mkwe, saa imeanza."

Akafunika uso.

Mwombolezaji humsimulia mtu matendo yake, na Saadia hakuwa na matendo. Nilidhani atakosa la kusema. Alimwambia kuhusu jino. Lilikuwa linataka kutoka, upande wa chini, alikuwa akilihisi kwa kidole. Alimwambia alivyokuwa akilala na mkono mmoja ndani ya nywele za mama yake. Vikaisha hivyo, na saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata robo. Akaanza kumwuliza. Nani alikukata nywele mara ya kwanza? Nani alikuvusha barabara? Walikupa jina gani, na ulikuwa ukiitika? Ndevu zako zilitoka nyeusi au za rangi ya baba yako? Samahani nilimpa yule mwanamke wa zahanati. Alinyoosha mikono, nami nikampa.

Zohara alikuwa ameegemea ukuta, ngumi mdomoni. Mimi niliangalia saa kama nilivyoambiwa. Nilitamani mshale usimame, nikatamani pia ukimbie. Ulipofika nilisema, "Mama, imetimia."

Alinyamaza katikati ya neno. Akafuta uso, akavaa viatu, akashika kiti kujiinua.

"Imeshika?" alimwuliza Zohara. "Hiyo mashine, imeshika yote?"

Zohara hakutaka kuipeleka ile kanda chuoni. Aliiweka kwenye droo chini ya mashuka na kuapa haitatoka. Mama Badra alijua siku ya tatu, maana yeye ndiye aliyekuwa akikunja mashuka yetu. Sijawahi kumwona mama yule na hasira ile.

"Nimemfukia mwanangu kwa ajili yako," alisema, "na wewe unamweka humu na soksi?"

Basi aliipeleka. Aliandika kurasa arobaini, usiku na mchana, akipiga chapa huku analia, na kazi ikarudi baada ya wiki tano. Mama Badra alikuwa ameketi barazani anamsubiri, macho kwenye kituo cha basi.

"Umepata ngapi?"

"Tisini na sita, Mama."

"Kati ya ngapi?"

"Mia."

Mama Badra alifikiri. "Na hizo nne zimekwenda wapi?"

"Nilichelewa siku mbili kuipeleka," alisema Zohara. "Wanakata ukichelewa."

"Ulichelewa kwa sababu ya ujinga wa droo," alisema mama yake, akaingia ndani kuwasha jiko.

Zohara alinipa ile kazi, akaenda bafuni na kufungua maji. Msahihishaji alikuwa amesifu karibu kila ukurasa. Mwishoni kulikuwa na fomu ya maelezo ya kanda, iliyouliza habari za marehemu anayeliliwa, na Zohara alikuwa ameandika jina, Saadia, na jina la mama. Mistari miwili ya chini ilikuwa mitupu. Msahihishaji ameizungushia wino mwekundu na kuandika kando yake: Tarehe ya kifo? Mahali alipozikwa? Uliza familia. Hapa amekata alama mbili, na hapa alama mbili.