Mahali Ambapo Mama Njeri Hakujenga

Siku yangu ya kwanza kazini, hapo Nakuru, nilikabidhiwa nyundo, dira na mtaimbo, nikaambiwa nipande gari. Nilidhani mjiolojia ni mtu wa ofisini, na tai nilikuwa nimeivaa. Kumbe ni mtu wa kutembea hadi soli ziishe.

Kazi yetu miaka hiyo ya sitini ilikuwa kujua jinsi Bonde letu la Ufa lilivyopata sura yake. Ardhi huvutwa pande mbili polepole, mwamba unakatika, katikati panazama na kingo zinabaki juu kama milima. Huko kukatika ndiko tunakoita ufa. Halafu mvua nayo inashika zamu, inamomonyoa kingo kule juu Molo na kujaza udongo huku chini. Nyufa nyingi zimefunikwa na majivu ya volkeno, na wewe unapita juu yake ukipiga mluzi.

Ufa mmoja tuliufuata hadi shamba la Mama Njeri, mjane aliyepata ekari zake baada ya uhuru. Alitupikia chai. Msingi wa nyumba yake ulikuwa umeshachimbwa, na nilipougonga kwa mtaimbo, chini palilia kama debe tupu. Niliingiwa na hofu.

Nilimwita kando Mkuu wa Kikosi chetu.

"Sisi tunachora ramani," akasema, "hatupangii watu nyumba." Kisha akatazama kikombe alichoshika. "Lakini chai yake tumekunywa. Mwambie."

Nikamweleza mama kwamba mvua kubwa ikija, maji yatazoa yale majivu na ardhi itafunguka.

"Kijana, hii shamba nimengojea miaka yote hiyo, na sasa unanifukuza?"

"Sikufukuzi, mama. Songesha tu nyumba mpaka pale kwa mawe."

Alininunia, lakini alisongesha. Masika ya pili, pale kwenye msingi wa kwanza palifunguka shimo la kumeza lori. Hakunishukuru, ila kila nilipopita nilipewa chai.

Miaka ya sabini nilihamishwa vituo kadhaa, na mwishowe nikastaafu nikiwa Mjiolojia Mkuu. Nyinyi vijana mna setilaiti, nami nawaonea wivu kidogo tu. Kazi yangu niliipenda.

Juzijuzi, nikiwa nimeshastaafu, Mama Njeri aliniita. Nyumba ilikuwa bado imesimama, naye alinitembeza shambani kwa mkongojo.

"Nichagulie mahali ya kaburi," akasema. "Nikilala, nimelala. Sitaki tena mtu aje na chuma aniambie nisonge."

Niligonga huku na kule, polepole, ingawa jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo.

"Hapa penye mawe, kando ya nyumba," nikamwambia.

Akaketi papo hapo, akaagiza chai.