Kiuno cha Fundi Sindano

Mdogo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na kwa wembamba wake wateja walimwita Sindano. Futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata kwenye ibada. Aliamini hakuna jambo la mwili wa binadamu linaloishinda futi.

Mwanawe alipofikisha mwaka, walimpeleka chanjo. Muuguzi akamtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kimashine, akakunja uso. Mafuta ya kwenye damu, kolesteroli, yalikuwa yamezidi mno.

"Haya ni ya kurithi," alisema. "Mmoja wenu anayo. Njooni mpimwe wote wawili. Mtoto tutamfuatilia, ana muda. Mkubwa ndiye hana. Moyo unaweza kusimama bila hodi."

Sindano aliposikia neno mafuta akamgeukia mkewe. Wifi yangu amejaaliwa umbo. Jioni ile Sindano alimpima mtoto kiuno, akajipima mwenyewe, kisha akampima mkewe, futi ikaishia mwishoni kabisa.

"Dada, wewe shahidi," akaniambia. "Mwizi kapatikana."

"Fundi," wifi akasema, "muuguzi kasema damu, hakusema kiuno."

"Kwani damu inakaa wapi, mtungini?"

Toka siku hiyo wifi alikula vya kuchemsha. Nyama yake ya kukaanga aliila mumewe, eti kumwondolea majaribu. Wifi wa watu akavumilia, akaenda kupimwa. Damu yake haikuwa na neno.

"Mashine imekuonea haya," Sindano akasema.

"Haya, zamu yako."

"Kesho."

Wateja wake wanaijua hiyo kesho. Kuna bwana harusi aliyefunga ndoa na suruali ya kuazima kwa sababu yake. Nilimwomba, nikamwombea, nikamtuma na mchungaji. Mchungaji alirudi amepimwa kanzu.

Moyo wake ulisimama akiwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi, na bado mkono unakataa.

Msibani, shangazi yetu, dada wa marehemu baba, hakusubiri hata machozi yakauke. "Mwanamke mnene kumpikia mume mwembamba! Kamjaza mafuta mpaka kamuua." Wengine wakaguna kukubali. Wifi alikuwa pale pale, mtoto mapajani.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa yule muuguzi, nikatoa kidole. Nikarudi na vidonge mkononi, nikaketi mbele ya shangazi.

"Shangazi, na mimi ninayo hayo mafuta ya kwenye damu."

"Wewe? Mkavu hivi?"

"Mkavu hivi. Na mapishi ya wifi mimi nayala lini? Nakuja kula kwenye sikukuu tu, tena nakuta mmemaliza."

"Basi mmelogwa."

"Baba alianguka shambani, tukasema kalogwa. Baba mdogo akaanguka, sikiliza vizuri, akiwa amekaa. Tukasema kalogwa. Huyo mchawi hachoki? Shangazi, hii damu haikuja na wifi. Aliikuta kwetu. Tumeishi nayo, hata wewe huenda unayo."

Shangazi, ambaye naye ni mwembamba kama ufito, akashika kifua kana kwamba kuna mtu kabisha hodi humo. Akamtazama mtoto. Kisha, bila kumwangalia wifi usoni, akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, huyo muuguzi wenu... anatoboa kidole gani?"

Wifi akanipa mtoto, akainuka kutafuta viatu vyake.

"Chochote, shangazi. Twende nikupeleke."