Mpira Ulipoanza Kupita Juu

Siku za kazi alikuwa msoma mita za maji. Alivaa fulana ya buluu ya idara, akabeba daftari na kipande cha nondo cha kufungulia vifuniko, akapita nyumba kwa nyumba akiinama, akifuta tope kwenye kioo cha mita, akisoma na kuandika. Hakupotea kichochoro hata kimoja. Wenzake ofisini wakambandika jina la Dira, na jina lile likamfuata hadi uwanjani, ambako lilimkaa zaidi, maana huko wachezaji kumi walimtazama yeye ndipo wajue mpira uende wapi.

Alikuwa kiungo wa timu ya wanawake ya mji, jezi namba nane, na mambo haya yalipoanza alikuwa na miaka ishirini na saba. Mbio hakuwa nazo. Beki wao wa kati, mwanamke mwenye domo refu, alipenda kusema kwamba Dira akikimbizana na konokono, konokono ndiye atakayesimama kumsubiri. Dira alicheka pamoja nao kwa sababu ilikuwa kweli. Alichokuwa nacho ni shingo na macho. Kabla mpira haujamfikia alishageuka mara mbili, akajua nani yuko kushoto, nani anamjia mgongoni, nani ameachwa peke yake kule pembeni. Mpira ulipofika, kazi ilikuwa imekwisha, aliusukuma tu.

Kocha wao wa wakati huo alikuwa mama mmoja aliyestaafu kufundisha hisabati, na kila mtu alimwita Mwalimu. Kabla ya mazoezi alichora pembetatu ardhini kwa kisigino cha kiatu. "Mwenye mpira asiwe yatima," aliwaambia. "Akiinua macho aone watu wawili karibu yake. Akimkosa mmoja, ampate mwingine." Kwa mpira wa namna hiyo, wa chini, wa pasi fupi fupi, Dira alikuwa malkia. Miguu yake mizito haikuwa na shida, kwani hakuna aliyemtaka akimbie mbali.

Katika hizo pembetatu mtu wake wa karibu alikuwa Kidoti, kiungo mwenzake, mfupi, mwenye alama nyeusi chini ya jicho. Kidoti alipokea mpira kwa mguu wa kushoto, akainamisha bega la kushoto kama anayetaka kwenda huko, kisha akageukia kulia. Kila mara. Wapinzani walishikwa na mtego uleule mwaka hadi mwaka, na Dira, aliyeujua, alihakikisha mpira unaangukia mguu wa kushoto wa Kidoti, sawasawa.

Nje ya uwanja walikuwa kama ndugu. Mama yake Dira alipopigwa na kiharusi na upande wake wa kulia kufa ganzi, Kidoti ndiye aliyekuja kila Jumapili asubuhi. Alimshika mama mabegani, akamwegemeza kifuani kwake, Dira akatandua shuka na kutandika jingine. "Mama, leo umeongezeka uzito, unamlia nani chakula?" Kidoti alimtania, na mama alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Msimu huo timu ilimaliza nafasi ya nne. Viongozi walitaka kombe. Mwalimu akamwaga unga kwa barua ya mistari mitatu, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanajeshi mstaafu aliyekuja na filimbi mbili shingoni. Wakamwita Kamanda.

Kamanda hakuchora kitu. Aliwasimamisha kwenye mstari na kuwaambia: "Mpira ukikaa katikati ya uwanja ni hatari kwetu. Ukiwa kwenye boksi lao ni hatari kwao. Kwa hiyo ukiupata, butua." Alimsajili mshambuliaji mrefu mno, aliyeitwa Mlingoti, na kazi ya mabeki ikawa kumtafuta huyo kwa mipira mirefu.

Mechi ya kwanza Dira alifanya kama alivyozoea. Alirudi karibu na beki wake, akafungua mwili, akanyoosha mkono kuonyesha anapotaka mpira. Mpira ukapita juu yake. Akajipanga tena, ukapita tena. Kufika mapumziko shingo ilimuuma kwa kutazama juu. Alimfuata yule beki mwenye domo.

"Dada, mbona hunipi? Niko wazi kabisa."

Beki hakuwa na utani siku hiyo. "Nakuona, Dira. Nikikupa, natolewa mimi. Ameniambia mbele ya wenzangu."

Dakika tisini nzima aligusa mpira mara tisa. Mechi ya pili mara kumi na moja. Jukwaani wakaanza: "Dira kapotea! Mrudisheni kwenye mita zake!" Hata kazini hawakumwacha. Fundi mmoja wa cherehani, ambaye mita yake ilikuwa chini ya ngazi za duka, alimtazama akiinama, akamwuliza bila kuficha, "Dada, kulikoni? Mbona umekwisha ghafla?"

"Wewe wakikunyima kitambaa, utashona nini?" Dira alijibu, akaandika namba na kuondoka. Lakini jibu lile halikumtuliza. Miguu ilikuwa ileile na macho yaleyale, na bado kila aliyemtazama aliona mchezaji mbovu. Zikapita wiki, naye akaanza kuamini kwamba labda wanaona kweli.

Kidoti hakusubiri. Timu ya mji wa jirani, iliyocheza mpira wa chini, ilimwita, naye akamfuata Dira nyumbani.

"Twende wote. Nimewaambia habari zako, wanakutaka."

Dira alitazama kitandani. "Na huyu nimwachie nani?"

Kidoti aliinuka, akamnyooshea mama shuka. Jumapili ile alimshika mama mabegani kwa mara ya mwisho, na safari hii hakumtania.

Wiki chache baadaye Kamanda alimwita Dira kwenye chumba cha vifaa, katikati ya mipira na ndoo za dawa ya kuchua misuli. Hakumkaribisha kukaa.

"Wanasema wewe unaiona pasi kabla haijapigwa. Kweli?"

"Kweli, kocha."

"Basi acha kuipiga. Iwahi. Ukijua mpinzani anapokea wapi, fika pale naye anafika. Toa mpira, toa na mtu."

"Sijawahi kucheza hivyo."

"Utajifunza. Au ukae benchi, na sina benchi la mtu wa miaka ishirini na nane."

Alijifunza. Tena alijifunza upesi, na hilo ndilo lililomtisha mwanzoni. Yale macho aliyokuwa akitafutia wenzake nafasi sasa yalimwonyesha mahali ambapo msichana fulani atasimama, mguu gani atauweka mbele, lini atakuwa ameutazama mpira na kusahau mwili wake. Hakuhitaji mbio, kwa sababu alianza safari mapema kuliko wote. Wa kwanza aliyemwangusha alimwinua na kumwomba radhi. Wa tano alimpa mkono bila kumtazama. Baada ya hapo hakurudi nyuma kuangalia. Jukwaa likampa jina jipya, Kisiki, na likaimba jina hilo kwa nguvu kuliko lilivyowahi kuimba la kwanza. Asingekubali kusema kwa mtu, lakini usiku akiwa amelala alizisikia zile sauti na zikampendeza.

Msimu wa pili wa Kamanda walipangiwa timu ya Kidoti, nyumbani. Ijumaa, baada ya mazoezi, Kamanda alimsimamisha getini.

"Yule mfupi wao umecheza naye miaka mingapi?"

"Sita."

"Akipokea, anageukia wapi?"

Ingetosha kusema hakumbuki. Ingetosha kusema inategemea.

"Kulia," alisema.

"Kila mara?"

"Kila mara."

Siku ya mechi, timu zikiwa zimejipanga kusalimiana, Kidoti alivunja mstari akamkumbatia. "Mama hajambo?"

"Yupo. Anakuulizia."

"Mwambie Jumapili nitapita. Nimepewa siku mbili."

Dakika ya ishirini na tatu mpira ulitoka kwa beki wa akina Kidoti, wa chini, laini, kuelekea mguu wa kushoto wa Kidoti. Dira alishaanza kukimbia. Aliliona bega la kushoto likiinama. Halikumdanganya hata kidogo. Alijirusha upande wa kulia, mguu wa mbele umenyooka. Alitaka mpira. Hilo aliapa baadaye mbele ya kila mtu, na lilikuwa kweli. Lakini alijua pia kwamba akifika pale kwa kasi ile, mguu wa Kidoti utakuwa katikati yake na mpira.

Mlio wa mfupa ulisikika hadi benchi. Kidoti hakupiga kelele mara moja. Aliketi, akautazama mguu wake chini ya goti, uliokuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi, akainua macho kwa Dira kana kwamba anataka kuuliza kitu. Ndipo akalia. Mwamuzi alitoa kadi ya njano. Kwenye mstari Kamanda alikuwa anapiga makofi, akiwahimiza wajipange upya. Mlingoti alifunga kwa kichwa dakika za mwisho, na uwanja ukaimba Kisiki, Kisiki, mpaka wachezaji walipoingia ndani.

Kesho yake, Jumapili, Dira alikwenda hospitali. Mlangoni mwa wodi alimkuta dada mkubwa wa Kidoti, aliyemtambua na kuinuka kumzuia. Sauti ikatoka kitandani: "Mwache aingie."

Mguu ulikuwa umefungwa na kuning'inizwa. Dira alisimama mwisho wa kitanda, mikono haijui pa kukaa.

"Nilikuwa nautaka mpira, Kidoti. Haki ya Mungu."

"Najua."

"Nisamehe."

Muuguzi alipita na toroli la dawa, Kidoti akamsubiri atoke. "Nitakuuliza kitu kimoja, na usinidanganye. Ulijua nitageukia kulia?"

"Nilijua."

"Ulimwambia?"

Dira alitazama sakafu. Kidoti akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepokea habari aliyokuwa nayo tayari. "Miaka sita ulinipa mpira mguu wa kushoto," alisema. "Nenda, Dira. Mama atakuwa peke yake."

Daktari aliupasua ule mguu mara mbili. Kidoti alirudi kutembea, kwa kuchechemea. Kucheza hakucheza tena. Jumapili hakupita, na mama alipomwulizia, Dira alisema yuko safarini, hata mama akaacha kuuliza.

Mwaka ule walichukua kombe. Dira alivishwa kitambaa cha unahodha na kupigwa picha akiwa amesimama kando ya Kamanda. Miezi miwili baadaye Kamanda aliitwa na timu kubwa zaidi akaondoka na filimbi zake zote mbili, bila kumuaga mtu.

Kocha aliyemrithi alikuwa dada wa miaka thelathini na mitano, mtulivu. Mazoezi ya kwanza tu alitaka mpira ushuke chini, pasi fupi, kila mwenye mpira awe na wenzake wawili. Dira alihisi machozi yanamlengalenga. Alifikiri amerudishiwa nyumba yake.

Ila mwili ulikataa. Mpira ulipomfikia, mguu uliubutua kabla hajaamua. Alipogeuza shingo, hakumwona mwenzake aliye wazi. Aliona mgongo wa mpinzani na kifundo cha mguu wake. Alijikaza kisabuni, akabaki peke yake baada ya mazoezi akipiga pasi kwenye ukuta, wiki baada ya wiki. Ukutani aliweza. Penye watu hakuweza. Yule beki mwenye domo alimpigia pasi nzuri, laini, na kumpigia kelele kwa furaha, "Haya, Dira, huo hapo, wako!" Dira akautazama ukija, akahisi mtu mgongoni, akapiga kiwiko.

Mechi yao ya tatu msimu huo, walikuwa nyuma kwa bao moja kufika dakika ya thelathini na nne, na kibao cha namba nane kikainuliwa. Alivua kitambaa cha mkono, akamkabidhi beki, akatoka kwa mwendo wake wa kawaida. Jukwaa halikumzomea. Walikuwa wanamtazama aliyeingia, binti mwepesi, mwenye shingo isiyotulia. Kutoka benchi Dira aliuona mpira ukianza kutembea tena, kutoka mguu hadi mguu. Walifunga matatu.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Jirani aliyekuwa anamwangalia mama alikusanya ufumaji wake na kuaga. Dira alinawa mikono, akajaza beseni, akamvua mama gauni na kuanza kumwogesha upande uliokufa, akiinua mkono mzito na kupitisha kitambaa chini yake.

"Mmeshinda?" mama aliuliza kwa ule ulimi wake mzito.

"Tumeshinda, mama. Tatu moja."

"Umefunga?"

"Hapana. Nimetoka mapema."

"Umeumia?"

"Sijaumia," alisema Dira, akapiga goti moja kitandani, akamwingiza mama mkono mgongoni, na kwa kuwa hakuwepo wa kumshika upande wa pili, akamgeuza polepole peke yake.