La na Ra za Mwalimu Mayala

Katika shule yetu karibu na Mkolani, mwaka 1937, mimi nilifundisha hesabu na Mwalimu Mayala alifundisha muziki. Kati ya madarasa yetu palikuwa na ukuta wa udongo usiofika paa, kwa hiyo kila alichofundisha yeye na mimi nilifundishwa, nitake nisitake.

"Do, re, mi, fa, so, la, ti, do!" aliimba Mayala.

"Do, le, mi, fa..." waliitikia watoto hamsini.

"Siyo le! Re!" Na kiboko kikalia mezani.

Watoto wa Kisukuma hao, nyumbani kwao hakuna r hata ya dawa. Mayala mwenyewe ni Msukuma. Alikuwa ameunyoosha ulimi wake kwa taabu miaka miwili chuoni, na sasa hakuwa na huruma na ulimi wa mtu mwingine. Baada ya mwezi watoto waliishika r. Waliishika kweli! Wakaipachika kila mahali: "Do, re, mi, fa, so, ra, ti, do."

Kilichoniudhi ni kwamba sauti zenyewe zilikuwa sahihi. Zilipanda na kushuka bila kuteleza, bila kinanda, kwa kumsikiliza mwalimu tu.

"Waache waimbe a-a-a," nilimwambia mara ngapi sijui. "Muziki ni sauti, siyo herufi."

"Kitabu kinataka majina. Na mkaguzi atauliza majina."

Mkaidi yule! Lakini nilijua anachokiogopa. Wakubwa wa serikali walitaka pamba ilimwe, na mkaguzi alikuwa ameandika kwamba watoto wakionekana hawajajifunza kitu, kipindi cha muziki kitageuzwa kuwa kilimo. Mayala hakuwa na somo jingine alilolipenda.

Mkaguzi akaja, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili Unguja na kukijivunia. Hakumpa Mayala nafasi ya kuimbisha. Alichukua fimbo, akamsimamisha binti mmoja aitwaye Kija, akamwonyesha herufi za noti ubaoni, d ya do, r ya re, hivyo hivyo. Kwenye d Kija akaimba do. Kwenye r, re safi kabisa. Fimbo ikaruka hadi l.

"Raaa," aliimba Kija, na sauti ikatua palepale inapotakiwa.

"Herufi gani hii?"

"Ra, Bwana."

Mkaguzi akaligeukia darasa zima.

"Ra!" walijibu wote kwa fahari, maana kwa r walikuwa hawajachapwa hata siku moja.

"Hawajui herufi, Mwalimu. Muziki watajuaje?"

"Bwana, sikiliza sauti zao..."

"Nimesikia." Akafunga daftari lake.

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikichungulia kwenye ufa na kusikia kila neno. Nilitaka niende nimwambie afumbe macho, asikilize upya. Sikwenda. Nilibaki na hesabu zangu za sehemu za mia ubaoni, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Barua ya mkaguzi ilichukua wiki mbili kufika. Wiki hizo zote Mayala alifundisha l peke yake, tangu asubuhi mpaka sauti ikamkauka: la, le, li, lo, lu. Nilimwona anapoteza nguvu zake bure. Watoto wakaishika.

Ijumaa, saa ileile ya muziki, tuliwapanga shambani na majembe. Mayala alisimama kwenye tuta la kwanza, barua mfukoni, macho mekundu. Hakuna aliyewaeleza watoto kitu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Kija. "Leo tunaimba wimbo gani?"

"Hatuimbi." Akachukua jembe. "Leo tunarima."

Watoto wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Kisha Kija akamsogelea, na kwa adabu, polepole, kama alivyofundishwa, akasema:

"Tunalima, Mwalimu. Li."