Duara Lililokataa Kulala

Ilianza Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Desemba, saa nne asubuhi, na harufu ya mkonge uliolowa. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameniacha Ishiara kwa mamake, Cucu wangu, akarudi Meru kuuza nyanya soko la Gakoromone. Mimi nilizoea Kimeru. Watoto wa Ishiara waliongea Kimbeere, na kila nikifungua mdomo walicheka, kwa hivyo niliacha kuufungua. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mkonge. Cucu alinifundisha kusokota kamba juu ya paja hadi paja likawasha, kisha kuzitandaza kama miale ya jua na kuzungushia nyingine humo, juu chini, juu chini, hadi zifumane kuwa kikapu, yaani kiondo. Nilipouliza mama atakuja lini, alijibu bila kuinua macho, “Ukimaliza kiondo, utamwona.”

Basi niliona dawa ni kukimaliza mbio. Duara likipanuka, miale huachana, na kwenye mwanya unaongeza kamba mpya. Cucu aliongeza hapa na pale. Mimi niliongeza kila mwanya, kila mzunguko, ili kitako kikue haraka na mama afike haraka. Kilikua kweli, lakini kilikataa kulala chini. Ukingo ulipanda na kushuka kama jani la sukuma wiki. Nikiukandamiza huku, unainuka kule. Nikakikalia. Nilipoinuka, nacho kikainuka.

Wawira, msichana wa jirani, alichungulia uani. “Wee Mmeru, hiyo ni kiondo ama ni sketi ya kudensi?” Alikivaa kichwani akazunguka nacho, na nikacheka mara ya kwanza tangu nifike. “Umeilisha kamba sana,” Cucu alisema. “Sasa inyime, uone.” Nikaanza kingine bila kuongeza kamba hata moja, kikajikunja kikawa kikombe. Wawira akakitia maji ya kunywesha kuku, yakavuja yote. Cha tatu niliongeza pale tu kamba zilipoachana sana, kikalala bapa kama chapati. Nilivitazama vyote kwenye vumbi: sketi, kikombe, chapati. Kamba zile zile, mikono ile ile! Wawira alikuwa ameshaitwa kwao kuchota maji, nikabaki na furaha isiyo na wa kuambiwa.

Ile chapati ndiyo ikawa kiondo, nikakikamilisha Jumamosi kabla ya Krismasi. Jioni hiyo mama alipiga simu: soko limechangamka, atakuja shule zikikaribia kufunguliwa. “Nimemaliza kiondo,” nilisema. “Vizuri, mami,” akajibu, na nyuma yake nikasikia mtu akiuliza bei.

Siku hizi niko kidato cha tatu, shule ya bweni karibu na Nchiru. Mwalimu wa hesabu huchora duara ubaoni, nami najua liko linalojikunja kikombe na liko linalofura kama sketi, lakini sinyooshi mkono; mdomo wangu bado mzito. Mama huja siku za wazazi akiweza. Asipoweza, siku hizi naelewa. Yule wa miaka kumi hakuelewa. Asubuhi iliyofuata simu ile, kabla Cucu hajawasha moto, nilikaa kizingitini nikakifumua kiondo chote, kamba kwa kamba, hadi kitakoni, ili iwe ni mimi ambaye sijamaliza, si mama ambaye hakuja.