Wimbo Una Mwenyewe

Nakumbuka Jumamosi moja nilipomwacha mama yangu amesimama peke yake katikati ya watu, hajui akae au acheze. Kosa lilikuwa langu. Sikupanga kuisimulia tena habari hii, lakini wewe Evans umenilazimisha, na leo utaisikia mpaka mwisho. Nina hasira, mwanangu. Nimelala nayo na kuamka nayo siku tatu sasa, na hata cherehani nimeifunika kwa sababu nashona kombokombo.

Unajua kwa nini. Jumamosi iliyopita, kwenye tamasha lenu hapa uwanjani Huruma, emsii alitangaza kwamba kila kijana ataimba wimbo aliotunga mwenyewe. Nikafurahi, nikabeba kiti changu cha plastiki nikaja mapema. Wimbo wako niliujua, maana sisi ni majirani wa ukuta mmoja na niliusikia ukizaliwa. Ulirekodi nyundo ya baba yako akigonga masanduku ya bati, ukaifanya ngoma, kisha ukamwimba Karanja kwa jina. Naye Karanja alifunga kibanda, wiki hii ya kufungua shule ambayo kila mzazi anatafuta sanduku la mtoto wa bweni, akaja kumsikia mwanawe. Basi mheshimiwa mmoja wa siasa akaingia na watu wake, emsii akakunong'oneza, na ulipofungua mdomo Karanja hakuwemo. Kila mahali pa Karanja ulitia mheshimiwa. Nyundo ukaiacha, mwenye nyundo ukamtoa.

Nilipokuuliza kwa hasira ulicheka. Ukaniambia mimi bibi yako wa jirani, "Shosh, usijam. Mkono mtupu haulambwi. Lazima mtu ajipange."

Ati mkono mtupu. Methali umeijua, lakini umeishika upande wa makali. Sasa kaa hapo kwenye kigoda uweke simu mfukoni.

Mama yangu aliitwa Nasimiyu. Tulitoka magharibi nikiwa mdogo, akapata kazi ya kukamua ng'ombe wa watu kule Kapseret. Aliamka kabla ya jogoo, mvua au baridi, na wewe baridi ya huku unaijua. Vidole vyake vilipasuka, akawa anavipaka yale yale mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe. Kwa vidole hivyo alinisomesha. Nilipofika umri wako nilikuwa na sauti, sijisifu, wanaonijua watakwambia. Nikamtungia wimbo:

*Nasimiyu amka, ng'ombe wanakuita,*
*Nasimiyu amka, bila wewe hakuchi.*

Siku niliyomwimbia mara ya kwanza alikuwa jikoni anasonga ugali. Aliacha mwiko, akasikiliza mpaka mwisho, na ugali ukaungua. Mama hakuwa mtu wa kuunguza chakula. Tuliula hivyo hivyo, na alicheka peke yake jioni nzima.

Haikupita muda kanisa likaandaa siku ya vijana kuonyesha nyimbo zao wenyewe, kama hili tamasha lenu, ila sisi tulikuwa na maiki moja na hema la kuazima. Tulikuwa wasichana sita. Mama aliwaambia wakamuaji wote, "Jumamosi naimbwa." Aliazima viatu kwa Mama Njeri, jirani yetu mwenye duka, na wawili hao wakaja kukaa mstari wa mbele kabisa.

Kabla hatujapanda, mwenyekiti wa kamati alitujia mbio. Mgombea mmoja wa siasa alikuwa amefika na magari mawili. "Huyo Nasimiyu ndiye nani?" mwenyekiti akauliza. "Mgeni ametoka mbali, nanyi mnamwimba mkamuaji? Tieni mheshimiwa hapo, linaingia vizuri."

Wenzangu watano waliniangalia mimi, kwa kuwa wimbo ulikuwa wangu. Nikasema sawa. Watu wazima wakisimulia makosa yao hupenda kusema walilazimishwa. Mimi sikulazimishwa. Niliyaona magari, nikamwona mtu mwenye kamera, na moyo ukaruka.

Muziki ulipoanza mama aliutambua, akasimama. Alikuwa ameshainua mikono acheze. Nasi tukaimba: Mheshimiwa amka, watu wanakuita. Mikono ikabaki juu kidogo, kisha ikashuka. Alibaki amesimama na viatu vya kuazima mpaka Mama Njeri alipomvuta gauni akakaa. Nilimwona, mwanangu. Nikaendelea kuimba, na niliimba vizuri sana.

Mheshimiwa alipenda. Msimu wote wa kampeni tulipandishwa nyuma ya lori, leo sokoni kule mji mdogo wa Ziwa, kesho kwingine, tukiimba wimbo ule ule mpaka watoto wa barabarani wakawa wanauitikia kabla hatujafungua midomo. Tulipewa leso zenye uso wake. Moja nilimpelekea mama. Hakukataa, alisema asante, akaikata vipande vinne, na kuanzia kesho yake akawa anafutia viwele vya ng'ombe. Hilo ndilo jibu pekee alilowahi kunipa. Mkataa kwao mtumwa, wanasema, na utumwa wangu ulikuwa wa kupanda lori kwa hiari.

Usidhani iliishia hapo. Miaka ikapita, mama akanunua kishamba kidogo Ziwa, na huko ndiko tulikomzika. Siku ya mazishi niliomba nafasi nimwimbie. Nilijiambia nitalirudisha jina mahali pake na mambo yatakuwa yamekwisha. Nikasimama kando ya jeneza nikaanza, tena kwa jina lake: Nasimiyu amka. Na umati, watu wema waliokuja kulia nami, ukaitikia walivyozoea: Mheshimiwa amka. Si kwa ubaya. Ndivyo walivyoujua tangu siku za lori. Mmoja huko nyuma akainua mkono akapunga kama yuko mkutanoni, na watu wakacheka. Mbele ya mama yangu aliyelala.

Mjomba wangu, kaka yake mama, mzee wa maneno machache, aliinua fimbo. "Nyamazeni," akasema. Kisha akanigeukia. "Wimbo huo una mwenyewe, na mwenyewe hayumo katika jeneza hili. Ulimpa mgeni, mwachie mgeni. Dada yangu mtafutie mwingine."

Sikuwa na mwingine. Tuliimba wa kitabuni, ule wanaoimbiwa watu wote.

Nilimchukia mjomba mwaka mzima kwa maneno yale. Leo ningempigia magoti. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka nami humu ndani. Mpaka leo, nikiwa peke yangu kwenye cherehani na wimbo ule ukinijia, ulimi hukimbilia kwa mheshimiwa kwanza. Yule mtu alishindwa uchaguzi akasahaulika. Uliza mtaa huu wote, hakuna anayemjua. Anayemkumbuka ni mimi, na anakaa mahali pa mama yangu.

Sasa nikwambie kilichonitoa machozi. Jana nilipita kibandani kwa baba yako. Alikuwa anagonga bati. Nikamuuliza, kwa upole tu, ameuonaje wimbo wa kijana wake. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ule wa mheshimiwa? Ulikuwa mtamu, Mama Nekesa. Kijana anajua kazi." Halafu akaendelea kugonga.

Umesikia anavyouita? Na ni siku tatu tu. Mtu aliyekufundisha kushika nyundo anausikia mlio wa nyundo yake mwenyewe na kusema ni wa mtu mwingine. Wewe unacheka, unaniambia nisijam. Nitajam, Evans. Nitajam mpaka unisikie.

Jumamosi ijayo ndiyo siku ya mwisho ya tamasha, na mheshimiwa atarudi, nimeona mabango. Emsii atakunong'oneza tena. Simkatazi mtu kumsifu kiongozi. Akitengeneza barabara yetu hii ya matope, mtungie wake, uanze mwanzo, umwimbe kwa barabara. Mgeni apewe kiti, apewe chai, asipewe jina la baba yako. Na wewe unayejipanga, jipange ukijua kwamba chema chajiuza. Wimbo wako ulikuwa mwema kabla gari lolote halijaingia uwanjani. Kwa hiyo panda uimbe Karanja, pote palipokuwa Karanja, na wakikuzimia maiki uimbe bila maiki. Ukikosa zawadi, ukose. Lakini uende kwa baba yako leo, kabla hajafunga kibanda, umwambie kwa mdomo wako huo wimbo ni wa nani. Mimi maji yangu yalimwagika na hayazoleki. Yako yangali kwenye ndoo.

Ukiniona nimenuna, usinikimbie. Nakukaripia kwa kuwa ningependa mtu angenikaripia mimi kabla sijapanda lile lori.

Haya, inuka uende. Mungu akulinde hiyo sauti, akuzidishie nyimbo, akupe umri na watu wa kukusikiliza. Baba yako amwongezee miaka mingi ya kugonga bati. Na siku yake ikifika, Mungu aiweke mbali sana, ukianza kuimba kando yake, watu wote wakuitikie Karanja.